Kapu la Mama Mkwe

Siku hizi siwezi kuona mzigo uliofunikwa nikatulia. Hata kanisani, wakipeleka matoleo mbele na kapu likiwa limefunikwa kitambaa, macho yangu yanalifuata mpaka altareni. Mke wangu ananiambia, "Baba, wewe hata Mungu utamkagua." Anatania, lakini si utani mtupu.

Tabia hii nimeipata mwaloni, pale mitumbwi inapofungwa. Tunaishi kisiwani, Ziwa Tanganyika, mwendo wa boti kutoka Kabwe. Jina la kisiwa naliacha. Ni kidogo, ukikitaja umewataja watu wote. Mimi si mzaliwa wa hapa. Nimezaliwa Mollo, huko juu Sumbawanga kwenye baridi na maharage, nikashuka ziwani nikiwa kijana kufuata dagaa, nikabaki. Shule niliishia la saba. Kwa hiyo mambo ya wadudu wasioonekana nayaandika kama nilivyoelezwa, na huenda nilielezwa vizuri nikaelewa vibaya.

Kisiwa chetu ni cha nguruwe. Ni weusi, wafupi, manyoya ya mgongoni yamesimama kama brashi ya viatu. Ziwa linapopumzishwa na uvuvi kufungwa, nguruwe ndiye anayetuvusha mpaka siku ya kutupa nyavu tena. Asiyekuwa na nguruwe hapa anaishi kwa huruma ya mwenye nguruwe.

Homa ya nguruwe nimeiona kwa macho yangu, Mollo, kwa kaka yangu. Asubuhi dume lilikataa pumba. Masikio yakawa mekundu kama yaliyochapwa, halafu yakageuka zambarau, likalala ubavu, halikuamka. Wengine wakafuata, mpaka vitoto. Kaka alichimba shimo, na alipomaliza akasimama bandani akiangalia ndoo ya maji aliyoyachota alfajiri. Yalikuwa bado yamejaa.

Mtaalamu wa mifugo alipokuja kisiwani alituambia kuwa homa hiyo haina dawa wala chanjo. Kwa binadamu haina madhara, unaweza kula nyama ya nguruwe aliyeugua ukalala salama, na hapo ndipo hatari ilipo, maana wewe huna habari kama umeibeba. Inasafiri ndani ya nyama, kwenye damu, kwenye soli ya kiatu. Nyama iliyokaushwa moshoni nayo inaweza kuibeba. Mfupa mmoja ukitumbukia kwenye makombo ya nguruwe, kazi imekwisha. "Nyie ziwa limewazungushia ukuta," alisema. "Mlango ni hapa mnapofungia mitumbwi. Ulindeni."

Tukaulinda. Tulikubaliana kuwa hakuna nguruwe anayeingia, wala nyama yake. Vipande vya mihogo vya kupanda navyo marufuku, kwa sababu ya batobato, ugonjwa wa majani uliomaliza mashamba ya ng'ambo. Anayeshuka anakanyaga beseni la dawa, na dawa ikiisha tunatumia maji ya majivu, ingawa sina hakika kama majivu yanaua kitu au yanatutuliza sisi wenyewe. Zamu zikapangwa, watu wawili wawili.

Ila wiki ya kwanza tu palitokea ugomvi. Mlinzi alifungua mfuko wa mwanamke aliyekuja kumtembelea dada yake, akatoa nguo za ndani moja moja mbele ya wavuvi, akizikung'uta. Shemeji wa yule mwanamke alikuja na kasia. Baada ya hapo tukaongeza sheria moja, na wakati huo ilionekana ya busara: mgeni atakaguliwa na mwenyeji wake. Mfanyabiashara, asiye na mwenyeji, atakaguliwa na walinzi. Mimi nilinyoosha mkono kuikubali. Wote tulinyoosha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ulikuwa msimu wa baada ya mavuno. Mke wangu alikuwa amejifungua, na mama yake aliahidi kuja kutoka Kaengesa kumsaidia, akishamaliza harusi ya mtoto wa ndugu yake. Mimi nilipanda Sumbawanga kununua misumari na shuka la mtoto. Kuna duka ninaloingia siku zote, la familia ya Kiislamu yenye malori, na mzee wa dukani ananifahamu. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia, halafu akanusa hewa kwa mzaha.

"Na wewe umetoka kwenye kitimoto?"

"Hapana mzee, nimetoka kwenye basi."

"Afadhali. Wiki hii kila anayeingia humu ananukia. Mimi sili, lakini pua Mungu kanipa. Mji mzima unakaanga. Kuna nini, sikukuu yenu?"

Nilicheka. Nilipotoka nje nikaacha kucheka. Ni lini watu wanachinja nguruwe wengi kwa pamoja? Wakati wa harusi, ndiyo, na msimu ulikuwa wa harusi. Lakini pia mtu anachinja akiona jirani yake amechimba shimo. Anawahi. Kaka yangu hakuwahi, ndiyo maana alizika.

Nilimpitia kaka huko Mollo, nikamuuliza kama amesikia kuna homa. Akasema hajasikia. Akaongeza, "Lakini nani atakwambia? Ukisema, nani atanunua?" Maneno hayo niliyabeba mpaka Kabwe, na kisiwani nikayatua mwaloni kwa wenzangu. Nawatendea haki: hawakuhitaji kuchochewa sana. Kila mtu alikuwa na wake wa kumshuku. Wengi tulimshuku yule Mnyakyusa kutoka Mbeya aletaye pumba, kwa kuwa magunia yake yanalala kwenye maghala ambayo hatuyajui, na kwa kuwa, niseme ukweli, hakuwa na mke hapa.

Mwenzangu wa zamu alikuwa mama mmoja mjane ninayemwita dada. Banda lake ndilo kubwa kuliko yote kisiwani, na ulimi wake unalingana na banda. Siku boti ilipoleta magunia ya pumba, alimsimamisha yule mfanyabiashara ndani ya beseni mpaka maji yakampanda kwenye soksi.

"Dada, hizi soksi ni za zawadi," alilalamika yule bwana.

"Mpelekee aliyekuzawadia azianike. Begi."

Alifungua begi. Palikuwa na shati, Biblia, na chapati ndani ya gazeti. Dada alizipindua chapati moja moja.

"Unatafuta nguruwe ndani ya chapati?"

"Natafuta akili yako. Fungua na hilo gunia."

Tulimgeuza kweli kweli. Na mimi niliingiza mkono kwenye magunia mpaka begani. Hakuwa na kitu. Nilijisikia vibaya, halafu nikajiuliza kama ninajisikia vibaya kwa kumwonea au kwa kutompata na kitu.

Wakati huo huo, kwenye boti ile ile, mama mkwe wangu alikuwa anashuka.

Kwetu mkwe haangaliwi usoni. Mama mkwe akipita, unatoka njiani, unachuchumaa, unatazama pembeni. Hamshikani mikono. Neno lake kwako linapitia kwa mke wako, na lako vilevile. Wapo vijana wa mjini wanaomwita mkwe "mama" na kula naye meza moja, siwasemi vibaya. Mimi nimelelewa hivyo, na yeye ndiye mama wa mke wangu, aliyenipa binti yake wakati sina hata nyavu. Nilichuchumaa, nikatazama magogo ya kufungia mitumbwi.

Nikaona miguu yake ikiingia kwenye beseni. Hakuna aliyemwambia. Alisimama humo muda mrefu kuliko yule wa pumba. Kichwani alikuwa na kapu, limefunikwa kitenge na kufungwa kamba kuzunguka mdomo. Hakusogea. Na mimi sikusogea.

Yule wa Mbeya, soksi zikimchuruzika, akasema, "Na kapu lile?"

Dada akanitazama. "Lile lina mwenyeji wake," alisema polepole.

Mwenyeji ni mimi. Mke wangu alikuwa ndani na kichanga, hatoki. Sheria tuliyoipitisha ilinitaka nifungue kapu la mtu ambaye siruhusiwi hata kutazama vidole vyake. Niliwaza kumwomba dada. Lakini dada kulifungua kapu la mkwe wangu mbele ya wavuvi, mimi nimechuchumaa pale pale? Angekuwa amemvua nguo. Nikaendelea kutazama magogo. Baadaye nikasikia maji ya beseni yakimwagika, na kandambili zake zikaondoka kwenye mchanga.

"Haya," alisema yule wa pumba. "Mwakani na mimi nitaoa hapa."

Watu walicheka. Nilicheka nao kidogo. Halafu nikaona mbwa. Kuna mbwa wa mwaloni, asiye na mwenyewe, hamfuati mtu, anangoja samaki. Alikuwa amenyanyuka anamfuata mama mkwe, pua juu, njia nzima mpaka kwenye migomba. Huenda alisikia harufu ya dagaa wa boti kwenye kitenge. Mbwa si shahidi. Lakini niliuona mkia wake.

Nilipomaliza zamu nilikwenda nyumbani, nikakaa nje kwenye kinu kilichopasuka, mgongo kwa mlango, uso kwenye banda. Jike langu lilikuwa na mimba, tumbo linakaribia kuburuza. Pembeni ya banda kuna chungu tunachotupia makombo ya jikoni: maganda, ukoko wa ugali, mifupa. Kila kinachobaki kwenye sahani kinaishia kwenye chungu hicho, na kwenye chungu kinaingia kwenye nguruwe. Ndivyo kila nyumba ya hapa inavyofanya. Nililitazama lile jike, na masikio ya dume la kaka yangu yakanijia.

"Mama mtoto," nikaita, bila kugeuka. "Muulize mama, harusi ilikwendaje."

Wakanong'ona ndani. "Anasema ilijaa baraka."

"Walichinja?"

"Anasema walichinja mpaka watu wakaombwa wasaidie kula. Waliobaki nyumbani wote wamepelekewa mafungu."

Kwetu anayekwenda shereheni harudi mikono mitupu. Wa nyumbani ana fungu lake, na fungu la mkwe ndilo linalochaguliwa kwanza, mbavu, linakaushwa vizuri lisiharibike njiani. Kulikataa ni kumkataa binti. Nilikuwa nayajua hayo tangu nikiwa mwaloni. Ndiyo, kitenge kile nilijua kinafunika nini, au nilidhani najua, sitaki kujiongezea akili.

"Muulize kama kwenye kapu kuna nyama."

Mke wangu akatoka mlangoni, mtoto kifuani. Uso ulikuwa umevimba kwa usingizi na hasira. "Unamkagua mama yangu?"

"Nauliza."

"Amepanda gari mpaka Namanyere, akalala Kabwe kwenye benchi, amekuja kukushikia mtoto wako. Unamuuliza kama ni mwizi?"

"Sijasema mwizi. Nimesema nyama."

Kabla hajajibu, sauti ikatoka ndani. Haikumwambia mke wangu chochote. Ilikuja moja kwa moja kwangu, na kwa miaka yote ile sikuwahi kuisikia ikinielekea.

"Ipo. Nilisimama kwenye yale maji nikingoja uniulize. Nikasema, labda huku kwao mkwe anaheshimiwa kuliko nguruwe."

Nilisema, "Shikamoo mama," kama mjinga.

"Marahaba. Kwangu walikufa wote msimu uliopita. Unadhani siijui hiyo homa? Hawa wa harusi walikuwa wazima. Nimewaona wakila, wakipigana kwenye pumba. Ningemletea mwanangu uozo?"

Hilo ni la kweli, na nalipa nafasi yake hapa. Mtu aliyezika nguruwe wake mwenyewe anajua kumtazama mgonjwa. Pia ni kweli kuwa kaka yangu aliona dume lake likila jioni, na asubuhi likakataa. Na pia ni kweli kwamba walikuwa wengi mno, watu wakaombwa wasaidie kula. Nilivipima vitu hivi nikiwa pale kwenye kinu, na kila nilipofika upande mmoja, upande wa pili ukaninong'oneza.

Mke wangu alilileta kapu, akaliweka chini kwa kishindo. Ndani ya majani ya mgomba mlikuwa na mbavu, nyekundu kwa moshi, zimekatwa kwa uangalifu, na juu yake chumvi ndani ya karatasi. Nilikuwa na njaa. Niandike hilo pia. Harufu yake ilikuwa nzuri.

"Kula wewe, mifupa nitaitupa ziwani," alisema mke wangu, safari hii kwa sauti ya chini. Alikuwa ananitafutia njia, naye jike lile alilijua kwa jina.

"Ziwa linarudisha. Nguruwe wa dada wanashinda ufukweni."

Nilichimba shimo nyuma ya nyumba. Nilijaza mkaa na magogo makavu, nikawasha, na moto uliposimama nikatia nyama, majani ya mgomba, karatasi na chumvi yake, ila kitenge nikaomba kichemshwe. Mafuta yalidondoka na kulia. Yule mbwa wa mwaloni alikuja, nikamtupia mawe. Nilikaa mpaka mifupa ikawa myeupe, nikaiponda kwa shoka, nikafukia.

Nilipoinua macho mama mkwe alikuwa amesimama pembeni ya nyumba ananitazama. Ananitazama usoni. Mimi ndiye niliyeinamisha macho.

"Mbavu zile nimezibeba kichwani kutoka Kaengesa," alisema. "Nimewakatalia watu kwenye basi." Akaingia ndani.

Alikaa mpaka kitovu cha mtoto kikadondoka na kuendelea. Alimwogesha mtoto, alipika, alifua. Na kila mara kabla ya kupita karibu na banda alikuwa anaingiza miguu kwenye ndoo ya maji ya majivu, mguu mmoja, halafu wa pili, taratibu, wakati mimi naona. Sikujua kama ananisaidia au ananichapa. Alipoondoka mke wangu alilijaza kapu lake migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu, na akalifunika kwa kile kitenge. Aliniaga kupitia kwa mke wangu, kama zamani.

Jike lilizaa. Vitoto viko hai, jana vimetoboa ua. Habari za huko juu zinakuja kila boti na kila moja ni tofauti. Mmoja anasema Kaengesa hakuna hata nguruwe mmoja aliyekufa. Mwingine anasema walizika, ila kimya kimya. Wa tatu ni yule wa pumba, na anasema, "Mimi mnaniuliza ya nini, si nilikaguliwa?" Kwa hiyo sijui. Inawezekana nimeokoa kisiwa. Inawezekana pia nimechoma kitoweo kizuri na kumfedhehesha mama wa watu bure. Watu wananipongeza kwa la kwanza. Mke wangu hanipongezi, na simlaumu.

Sheria tumeibadilisha: sasa mgeni anakaguliwa na asiyekuwa ndugu yake, ndani ya uzio wa makuti, mwanamke kwa mwanamke. Dada alisema hivyo ndivyo ingekuwa tangu mwanzo. Nilimkumbusha kuwa na yeye alinyoosha mkono. "Nilikuwa nafukuza nzi," akasema.

Halafu wiki iliyopita boti ilileta kapu bila mtu. Nililitambua kwa mbali. Baharia alilishusha akasema, "La kwako, kutoka Kaengesa." Lilikuwa limejaa ulezi mpaka juu, na lilikuwa wazi. Hapakuwa na kitenge, jani, wala kamba. Limesafiri hivyo kutoka huko juu Ufipa mpaka ziwani, kwenye vumbi, kila mtu akiona kilichomo. Kwetu hatutumi zawadi bila kuifunika. Hata chumvi ya kuomba kwa jirani inafunikwa kwa kiganja.

Dada alilitazama, akarudi nyuma. "Limejifunua lenyewe. Pita."

"Kagua," nilisema.

"Nikague nini? Unaona ulezi."

"Naona wa juu."

Watu wa boti walikuwa wanasikiliza. Dada alitikisa kichwa. "Mimi yule mama simtii aibu mara ya pili. Ukitaka, mkono unao."

Sheria mpya ilinikataza kukagua cha ndugu yangu, na dada alikuwa amekataa. Nikaliweka kapu juu ya jiwe, nikakunja shati, nikaingiza mkono kwenye ulezi, polepole, mpaka vidole vikagusa ukindu wa chini. Nikauzungusha. Palikuwa na ulezi tu, wa baridi, umepepetwa vizuri hauna hata jiwe. Nilitoa mkono, nikauosha kwenye beseni, nikalibeba kapu begani vilevile, wazi, nikapita nalo katikati ya nyumba.

Mke wangu alikuwa anapepeta dagaa. Alilitazama kapu, halafu mkono wangu, ambao punje zilikuwa zimeung'ang'ania mpaka kwenye kiwiko.

"Umekagua?"

"Nimekagua."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

Alilipokea, akatafuta kitambaa, akalifunika, akaliingiza ndani.